Openbox, IceWM au i3: kisimamizi kipi cha madirisha cha kuweka kwenye laptopu ya mtumba

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo laptopu nyingi za mtumba hazina. Chukua ThinkPad X230 iliyotoka mwaka 2012: ukiipata iliyotunzwa, hadi leo ni mashine ya kutegemewa. Kibodi yake ni raha kuichapia, RAM inaongezeka, na diski unaibadilisha kwa kufungua skrubu moja. Kuitupa mashine ya namna hiyo kwa sababu tu mfumo wake umepitwa na wakati ni hasara isiyo na sababu, na inaniuma kila ninapoona inafanyika.

Linux inaiokoa, lakini si Linux yoyote. Ukisakinisha Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, na kukubali GNOME, eneo-kazi zito ambalo kisakinishi kinakupendekezea, kwenye RAM ya GB 2 utakuwa umehamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine. Hapo ndipo kisimamizi cha madirisha kinapokuja. Ni programu ndogo ambayo kazi yake ni kuchora fremu za madirisha, kuyasogeza, kuyapanga na kusikiliza vitufe vya mkato. Basi. Mambo ya mtandao, sauti na kufungua mafaili unayaongeza mwenyewe kadiri unavyoyahitaji.

Nimechagua vitatu ambavyo vyote vimo kwenye hazina ya programu za Debian: IceWM, Openbox na i3. Niseme mapema jambo ambalo wengi hulikosea wanapolinganisha: msichague kwa kuhesabu MB za RAM. Vyote vitatu ni vyepesi kiasi kwamba tofauti yao inafutwa na ukurasa wa kwanza utakaoufungua kwenye Firefox. Kinachotofautisha ni nani atakaa mbele ya hiyo kompyuta, na wewe uko tayari kuandika mafaili mangapi ya mipangilio kwa mkono wako.

Msingi ni mmoja kwa vyote

Pakua taswira ya netinst ya Debian, yaani faili la kusakinishia kupitia mtandao. Haifiki GB 1, ila kumbuka vifurushi vingine vitashuka wakati wa kusakinisha, kwa hiyo usianze na bando la mwisho mwisho. Iandike kwenye flashi, anza kusakinisha, na ukifika kwenye orodha ya kuchagua programu, toa alama kwenye eneo-kazi na kwenye GNOME. Bakiza vifaa vya kawaida vya mfumo tu.

Mambo mawili ya kuangalia hapo. La kwanza: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha prosesa za biti 32. Kama mashine yako ni ya zamani kiasi hicho, tumia Debian 12 au antiX 23, ambayo inatokana na Debian 12 na ina toleo la biti 32. La pili: ukimwekea mtumiaji wa root (msimamizi mkuu wa mfumo) nenosiri wakati wa kusakinisha, Debian haikuwekei `sudo`, amri ya kufanya kazi kwa ruhusa ya msimamizi. Ukiacha nafasi ile wazi, inakuwekea, na wewe unakuwa na ruhusa tangu mwanzo. Mimi huiacha wazi.

Kompyuta ikiwaka utakutana na skrini nyeusi yenye maandishi. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Ingia, kisha:

```
sudo apt install xorg lightdm network-manager-gnome pcmanfm gvfs \
  lxterminal lxpolkit firefox-esr pipewire-audio pulseaudio-utils pavucontrol
```

Hapo umepata mfumo wa picha, skrini ya kuingilia, kifaa cha mtandao, kidhibiti cha mafaili, terminali, kivinjari na sauti. Kuna kimoja ambacho watu hukisahau: `lxpolkit`. Ndicho kinachokutolea kidirisha cha kuomba nenosiri pale programu inapohitaji ruhusa, mfano unapotaka kufungua diski nyingine iliyomo ndani ya mashine. Pasipo hicho, kitendo kinakataa tu, na unaweza kuhangaika jioni nzima ukidhani diski imekufa.

Na kabla hujailaumu Wi-Fi, fungua `/etc/network/interfaces`. Ukisakinisha Debian kwa njia hii kupitia Wi-Fi, kisakinishi huandika jina la mtandao wako humo ndani, na NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, ikiona kifaa kimeshatajwa pale, inakiacha. Utaona aikoni ya mtandao ipo lakini kifaa kinasemwa hakisimamiwi. Weka alama ya `#` mwanzoni mwa mistari inayotaja kifaa chako cha Wi-Fi (ile ya `lo` usiiguse), washa upya, na mitandao yote ya jirani itajitokeza.

Sasa tuingie kwenye ulinganisho wenyewe.

IceWM: unaiwasha na unaijua

IceWM ilianzishwa na Marko Maček mwaka 1997, na bado inatunzwa hadi leo. Ndiyo ambayo antiX inaanza nayo. `sudo apt install icewm`, toka, na kwenye skrini ya kuingilia chagua IceWM. Ukiiona mara mbili kwenye orodha, chukua ile yenye neno Session, kwa sababu hiyo ndiyo inayosoma faili la kuanzishia programu zako.

Inapofunguka, kuna upau chini. Kushoto kuna kitufe cha menyu, katikati madirisha yaliyo wazi, kulia saa na vijigrafu vidogo vya prosesa na mtandao. Mtu yeyote aliyewahi kukaa mbele ya Windows XP hahitaji kuelekezwa chochote. Hii ndiyo nguvu yake kubwa, na naiheshimu kuliko uzuri wa muonekano. Kompyuta ya sekretarieti ya shule, ya duka la stationery, au ya nyumbani ambapo mama, watoto na wageni wote wanagusa, haitakiwi kuwa na somo la utangulizi.

Mipangilio inakaa kwenye folda `~/.icewm`, na huhitaji kunakili faili refu zima. Unaunda `preferences` na kuandika ile mistari tu unayotaka kuibadilisha:

```
TaskBarShowCPUStatus=0
TaskBarShowAPMStatus=1
TimeFormat="%H:%M"
DesktopBackgroundImage="/home/asha/picha/pwani.jpg"
```

Mstari wa kwanza unaondoa kigrafu cha prosesa, wa pili unaonyesha hali ya betri, wa tatu unaweka saa bila sekunde, wa nne unaweka picha ya nyuma. Programu za kuanza pamoja na mfumo zinaandikwa kwenye `~/.icewm/startup`:

```
#!/bin/sh
nm-applet &
lxpolkit &
```

Faili hili lazima liwe na ruhusa ya kuendeshwa: `chmod +x ~/.icewm/startup`. Usipofanya hivyo linapuuzwa kimya kimya, bila ujumbe wa kosa, na hilo ndilo tatizo la kwanza la kukagua mtu akisema aikoni ya mtandao (ndiyo `nm-applet`) haionekani.

Udhaifu wake? Mandhari nyingi zinazokuja nayo zina sura ya miaka ya tisini. Zipo nzuri, ila itabidi uzitafute kwenye menyu ya mandhari moja baada ya nyingine. Pia, kama unataka aikoni za mafaili ziwe kwenye skrini, IceWM haizichori; utaongeza `pcmanfm --desktop &` kwenye lile faili la kuanzishia. Ni mambo madogo.

Openbox: unajenga mwenyewe

Openbox ilianza kama chipukizi la kisimamizi kingine, Blackbox, na kuanzia toleo la 3 msimbo wake ukaandikwa upya. Ndiyo iliyokuwa ndani ya eneo-kazi jepesi la LXDE, na ndiyo iliyolibeba toleo la Linux la CrunchBang hadi ilipofungwa mwaka 2015. BunsenLabs wakaupokea mwenge ule na hadi leo wanatoa Debian yenye Openbox iliyokwisha kupambwa. Kama unaipenda Openbox lakini hutaki kazi ya kuipamba, anza na BunsenLabs, utakuwa umejiokolea muda mwingi.

Ukiiweka tupu, ukaingia, unakutana na skrini ya rangi moja. Hakuna upau, hakuna saa, hakuna aikoni. Bofya kulia popote na menyu inatokea palepale kipanya kilipo. Mtu asiyeambiwa hilo ataamini kompyuta imeganda. Lakini kwa anayejua, ni raha: popote mkono ulipo, menyu ipo, na skrini nzima ni yako.

Kwa hiyo ongeza upau na kifaa cha picha ya nyuma:

```
sudo apt install openbox obconf tint2 feh
```

Kisha kwenye `~/.config/openbox/autostart`:

```
tint2 &
nm-applet &
lxpolkit &
feh --bg-fill ~/picha/pwani.jpg &
```

Usisahau ile `&` mwisho wa mstari wa programu isiyojifunga. Ukiisahau kwa `tint2`, mistari ya chini yake haitafikiwa kamwe. Na ukiwa unaanzisha kwa amri ya `startx` badala ya LightDM (ile skrini ya kuingilia), andika `exec openbox-session` kwenye `~/.xinitrc`, si `exec openbox`, kwa sababu ya pili hailisomi faili la `autostart`.

Ugumu halisi wa Openbox uko kwenye `rc.xml`. Hapa kila kitu ni XML, maandishi yenye tagi za kufungua na za kufunga. Angalia kazi moja ileile, kufungua kivinjari kwa vitufe, inavyoandikwa kwenye vyote vitatu. Openbox:

```
<keybind key="W-b">
  <action name="Execute">
    <command>firefox-esr</command>
  </action>
</keybind>
```

IceWM, kwenye faili `keys`:

```
key "Alt+Ctrl+b" firefox-esr
```

i3:

```
bindsym $mod+b exec firefox-esr
```

Mistari mitano dhidi ya mmoja. Zidisha kwa vitufe ishirini, halafu usahau kufunga tagi moja, na utaelewa kwa nini wengi huishia kunakili faili la mtu mwingine. Dawa ni kukagua kabla ya kupakia upya. Sakinisha `libxml2-utils`, kisha:

```
xmllint --noout ~/.config/openbox/rc.xml && openbox --reconfigure
```

Kama kuna kosa, utaambiwa liko mstari wa ngapi, na Openbox itaendelea na mipangilio ya zamani hadi urekebishe. Hata hivyo, uzito huo wa XML una malipo yake. Ndani ya sehemu ya `<applications>` unaweza kuiamuru programu fulani ifunguke siku zote kwenye nafasi ya kazi ya pili, ikiwa imejaa skrini, bila fremu. Kwa kompyuta ya kazi moja, kama skrini ya kuonyesha matangazo pale mapokezi, Openbox ni ngumu kushindwa.

Jambo jingine la kulijua kabla hujajifunga nayo: toleo la mwisho la Openbox, 3.6.1, ni la mwaka 2015. Haijaharibika, inafanya kazi vizuri kwenye Debian ya leo, na Debian inaitunza. Lakini usitegemee kipya kutoka kwao.

i3: kwa anayeishi kwenye kibodi

i3 ni ya Michael Stapelberg, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2009. Hii ni ya ukoo mwingine kabisa. Kwenye Openbox na IceWM madirisha yanaelea na kufunikana, wewe unayapanga kwa kipanya. i3 inayapanga yenyewe bila kufunikana: dirisha la kwanza linajaza skrini, la pili likija wanagawana nusu kwa nusu, la tatu linagawana tena.

Mara ya kwanza ukiingia inakuuliza maswali mawili: ikuandikie faili la mipangilio, na kitufe kikuu kiwe Alt au kile chenye nembo ya Windows. Chagua chenye nembo. Alt hutumiwa na programu nyingi zenyewe, na migongano itakuchosha. Baada ya hapo kitufe kikuu pamoja na Enter kinafungua terminali, pamoja na `d` unapata sehemu ya kuandika jina la programu, pamoja na Shift na `q` unafunga dirisha, na namba 1 mpaka 0 ni nafasi za kazi. Siku mbili tatu za mwanzo vidole vitakosea, halafu vinazoea, na kuanzia hapo kipanya kinakuwa mgeni wa mara mojamoja.

Kwa mwanafunzi wa programu, mwandishi, au mtu anayesimamia seva kwa mbali kupitia SSH, hakuna kati ya hivi vitatu kinachoikaribia i3. Faili lake la mipangilio linasomeka kama sentensi. Ukikosea, inakutolea upau mwekundu juu ya skrini wenye kitufe cha kuonyesha kosa, na unaweza kukagua mapema kwa `i3 -C`. Vitufe vya sauti vya laptopu vimeshaandikwa humo kwa kutumia `pactl`, ndiyo maana niliweka `pulseaudio-utils` kule juu. `nm-applet` nayo imo tayari. Wewe unaongeza tu:

```
exec --no-startup-id lxpolkit
```

Lakini kuna jambo ambalo wapenzi wa i3 hawalisemi vya kutosha, nalo linahusu hasa laptopu za mtumba. Skrini zake nyingi ni 1366×768. Gawa nusu kwa nusu na kila dirisha linabaki na pikseli 683 za upana. Tovuti nyingi zikiona upana huo zinajigeuza sura ya simu. LibreOffice Calc inabaki na safu chache, na mtu wa hesabu hawezi kufanya kazi hapo. Ufumbuzi umo ndani ya i3 yenyewe: bonyeza kitufe kikuu na `w`, na madirisha ya nafasi ile yanageuka kuwa vichupo, kila moja likijaza skrini nzima. Kama unataka iwe hivyo tangu mwanzo, andika:

```
workspace_layout tabbed
```

Kwenye skrini ndogo huo ndio mpangilio ninaoupendekeza, na kugawanya kubaki kwa terminali tu. Aliye na skrini ya nje ya 1920×1080 hana shida hiyo.

Kosa ambalo sitaki ulifanye ni kumwekea i3 mtu asiyeiomba. Mteja aliyeleta laptopu ili "iwe nyepesi" akifunguliwa skrini isiyo na kitufe hata kimoja cha kubofya, atairudisha siku ya pili, na atakuwa na haki.

Kwa haraka

| | IceWM | Openbox | i3 |
|---|---|---|---|
| Cha kuandika kwenye `~/.xinitrc` | `exec icewm-session` | `exec openbox-session` | `exec i3` |
| Mipangilio | `~/.icewm/` | `~/.config/openbox/` | `~/.config/i3/config` |
| Upau | upo | unaongeza | upo, wa maandishi |
| Kupakia upya | menyu ya kutokea, kuanzisha upya | `openbox --reconfigure` | kitufe kikuu+Shift+r |
| Bila kipanya | inawezekana | inawezekana ukiandika vitufe | ndiyo asili yake |

RAM bado inalia?

Hivi vyote havitaipunguza njaa ya kivinjari. Andika `free -h` kabla ya kufungua Firefox na baada ya kufungua kurasa tano, utajionea mwenyewe nani mlaji. Kwenye GB 2, kinachosaidia zaidi ya kubadilisha kisimamizi cha madirisha ni zram, ambayo inabana data ndani ya RAM kabla haijakimbilia diski:

```
sudo apt install zram-tools
```

Kisha kwenye `/etc/default/zramswap` weka `ALGO=zstd` na `PERCENT=50`, uanzishe upya huduma ya `zramswap`. Na kama mashine bado ina diski ya kuzunguka, pesa ya kwanza ukiipata nunua SSD ndogo. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakirukaruka kutoka kisimamizi kimoja hadi kingine wakitafuta kasi ambayo haipo huko.

Suala la Wayland

Vyote vitatu vinaendeshwa juu ya X11, teknolojia ya kuonyesha picha kwenye skrini ambayo ulimwengu wa Linux unahama kutoka kwake kwenda Wayland. Kwa laptopu ya 2012 hilo si jambo la kukunyima usingizi. Debian 13 bado inakuja na X11 kamili. Ila kama unachagua kitu cha kujifunza kwa miaka mingi, angalia mlango wa kutokea. i3 ina mwenzake wa Wayland, Sway, ambayo inasoma karibu faili lilelile la mipangilio, kwa hiyo ulichojifunza hakipotei. Openbox ina labwc, inayotumia `rc.xml` ya mtindo uleule pamoja na mandhari za Openbox. Raspberry Pi OS ilihamia labwc Oktoba 2024, dalili kwamba si jaribio la mtu mmoja. IceWM haina ndugu wa karibu namna hiyo, na kwa mtu anayejifunza hilo ni jambo la kulipima. Kwa kompyuta ya familia halina uzito wowote.

Uamuzi wangu

Kompyuta ya watu wengi, ya ofisi ndogo, au ya mtu anayetoka Windows: IceWM, bila kusita. Ya kwako peke yako, na unaandika zaidi ya unavyobofya: i3, ukiweka vichupo kama skrini ni ndogo. Openbox naibakiza kwa anayefurahia kujenga kila kipande, kwa skrini ya kazi moja, na kwa anayejua kwamba kesho atahamia labwc. Miaka kumi iliyopita ningeiweka ya kwanza. Leo, kwa anayeanza, IceWM inampa kilekile kwa robo ya kazi.

Kama bado huna uhakika, viweke vyote vitatu kwa mara moja:

```
sudo apt install icewm openbox tint2 feh i3
```

Havigombani. Kwenye skrini ya LightDM, juu kulia, kuna aikoni ya kuchagua utaingia na kipi, na chaguo lako linakumbukwa. Tumia kila kimoja kwa kazi zako za kweli, si kwa kukitazama tu. Ukishaamua, ondoa visivyotakiwa, mfano `sudo apt purge i3 i3-wm` ikifuatiwa na `sudo apt autoremove`. Mafaili uliyoandika ndani ya folda yako ya nyumbani hayafutwi na amri hiyo. Yanakili kwenye flashi kabla hujayafuta kwa mkono, maana mashine ijayo utayahitaji.